Mkono mtupu haulambwi: kinachoipa Uturuki nafasi ya upatanishi

Mhariri,

Kila Uturuki inapowakutanisha mahasimu Istanbul au Ankara, kurasa za maoni huku kwetu hujaa sifa. Tunaambiwa kwamba nchi ya daraja la kati, isiyo na kiti cha kudumu katika Baraza la Usalama, inaweza kusikilizwa na wakubwa wote mradi rais wake awe jasiri na awe na namba za simu za watu. Kisha hufuata ushauri kuwa Tanzania nayo, kwa sifa yake ya miaka mingi ya kutofungamana na upande wowote, ifanye vivyo hivyo. Ushauri huo umeruka hatua. Simu ya Erdoğan inapokelewa Moscow na Kyiv kwa sababu ya mambo yanayohesabika: mkataba wa mwaka 1936, mlango wa bahari wenye upana wa takriban mita 700 tu mahali pake pembamba kabisa, viwanda vya unga, na wakaguzi waliokuwa wakipanda melini kila asubuhi. Mambo hayo yakikosekana, au yakiandikwa vibaya, simu haisaidii. Julai 2023, Urusi ilipojitoa katika mapatano ya nafaka, ilitosha kuwa ushahidi.

Nianze na mlango wenyewe. Meli ya bahari kuu inayotoka bandari za Bahari Nyeusi kama Odesa, Constanța, Varna au Novorossiysk haina njia nyingine ya kutokea ila Bosporus, kisha Bahari ya Marmara, kisha Dardanelles. Kulia na kushoto kwa maji hayo ni ardhi ya Uturuki. Chini ya makubaliano ya Lausanne ya 1923, milango hiyo ilisimamiwa na tume ya kimataifa na Uturuki ilikatazwa kuweka jeshi kandokando yake. Tarehe 20 Julai 1936, katika mji wa Montreux nchini Uswisi, hali ikabadilika kwa mkataba mpya: Uturuki ikarudishiwa ulinzi wa milango, nayo ikakubali masharti yanayoifunga mikono hata yenyewe. Wachambuzi wengi hutaja nusu ya kwanza ya biashara hiyo na kuisahau ya pili.

Kwa meli za biashara wakati wa amani, mkataba unataka zipite kwa uhuru, usiku na mchana, zikiwa na bendera yoyote na shehena yoyote. Uturuki hairuhusiwi kutoza ushuru wa kupita. Inachotoza ni gharama za huduma tatu, yaani ukaguzi wa afya, minara ya taa na uokoaji, zinazokokotolewa kwa tani kwa kipimo cha faranga ya dhahabu. Kwa karibu miaka 40 Ankara iliikokotoa faranga hiyo kwa punguzo kubwa, hivi kwamba faranga moja ilihesabiwa kuwa takriban dola 0.80. Oktoba 2022 ikaipandisha hadi dola 4. Hakuna neno hata moja la mkataba lililobadilishwa. Kilichobadilishwa ni punguzo. Anayetaka kujua jinsi nchi ya kati inavyojiongezea nafasi bila kugombana na mtu, aanzie hapo.

Kwa manowari, hesabu ni kali zaidi. Nchi isiyopakana na Bahari Nyeusi haiwezi kubakiza manowari zake humo zaidi ya siku 21. Jumla ya tani za manowari za wageni wote kwa wakati mmoja ni 30,000, na inaweza kufika 45,000 ikiwa majeshi ya majini ya nchi za pwani yameongezeka kwa kiwango kilichotajwa. Zinapopita mlangoni, za kigeni hazizidi 9 wala tani 15,000 kwa pamoja. Taarifa hutolewa siku 8 kabla kwa nchi za pwani, na kwa wageni inatakiwa siku 15. Nyambizi za wageni haziingii kabisa. Za wenyeji hupita zikirudi kambini baada ya kujengwa au kununuliwa nje, au zikienda na kurudi matengenezoni, na zipite mchana, juu ya maji, moja moja. (Tani hizi ni za uzito wa meli yenyewe na si za shehena. Makala kadhaa zimezichanganya na zikatoa hesabu za ajabu.)

Kiini kiko Ibara ya 19. Wakati wa vita ambavyo Uturuki haimo, manowari za nchi zinazopigana hazipiti, isipokuwa ile iliyotengana na kambi yake na sasa inarudi. Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, swali la kwanza Ankara lilikuwa la lugha: je, hii ni vita? Tarehe 27 Februari, Waziri wa Mambo ya Nje Mevlüt Çavuşoğlu akatamka kuwa ni vita. Neno hilo ndilo lililozungusha ufunguo. Siku iliyofuata Uturuki ikaongeza hatua ambayo Ibara ya 19 haikuidai: ikazitaka nchi zote, zenye pwani humo na zisizo nayo, zisipitishe manowari.

Tazama jinsi faida na hasara zilivyogawanyika. Manowari Moskva ilipozama tarehe 14 Aprili 2022, Urusi ilikuwa na manowari mbili za aina ileile, Varyag na Marshal Ustinov, katika Bahari ya Mediterania, na hazikuweza kuingia kujaza pengo. Ukraine ikapumua. Kwa upande wa pili, manowari za NATO nazo zilibaki nje, na Urusi ikapumua. Januari 2024 Uturuki ilikataa kupitisha meli mbili za kusaka mabomu ya baharini ambazo Uingereza, mshirika wake ndani ya NATO, ilikuwa imeipa Ukraine. Kila upande una cha kushukuru na cha kunung'unikia, na hakuna unaoweza kusema umeonewa, maana kifungu kinasomeka kwa wote. Kufuli hilo lina kipenyo chake uani: Urusi inaweza kupitisha vyombo vidogo kutoka Bahari ya Kaspi kwa mfereji wa Volga na Don, nao Montreux hauugusi.

Wanaoelewa zaidi thamani ya karatasi hiyo ni mabaharia wa Uturuki wenyewe. Aprili 2021, serikali ilipokuwa ikiupigia debe mfereji mpya wa Istanbul, wenye urefu wa kilomita 45 sambamba na Bosporus, maadmirali wastaafu zaidi ya 100 walitoa tamko wakionya kwamba Montreux usiguswe hata kwa mjadala. Wengine walikamatwa na kesi ikafunguliwa. Baadaye waliachiwa huru. Mwaka mmoja baada ya tamko lao, mkataba huohuo ulikuwa ndio mtaji mkubwa wa kidiplomasia wa serikali iliyowashtaki.

Sasa nafaka, maana huko ndiko Afrika Mashariki ilikoguswa mfukoni. Tarehe 22 Julai 2022, katika kasri la Dolmabahçe mjini Istanbul, yalipofikiwa mapatano ya kutoa nafaka za Ukraine kwa njia ya Bahari Nyeusi, Urusi na Ukraine hazikutia saini karatasi moja. Kila moja ilitia saini na Uturuki pamoja na Umoja wa Mataifa, karatasi mbili zenye maneno yanayofanana. Siku hiyohiyo Umoja wa Mataifa uliandikiana na Urusi hati ya tatu, ya miaka mitatu, kuhusu kurahisisha mauzo ya chakula na mbolea za Urusi. Hati hiyo ya tatu magazeti mengi yaliipa aya moja. Ndiyo iliyokuja kuiua ile kubwa.

Kazi ilikwenda hivi. Bandari zilizofunguliwa zilikuwa tatu: Odesa, Chornomorsk na Pivdennyi. Mwenye meli anaomba kuandikishwa katika Kituo cha Pamoja cha Uratibu, kilichofunguliwa Istanbul tarehe 27 Julai. Meli tupu inatia nanga katika maji ya Uturuki. Wakaguzi wa pande nne, Urusi, Ukraine, Uturuki na Umoja wa Mataifa, wanapanda pamoja: wanafungua vyumba vya shehena kuhakikisha hakuna silaha zinazoingizwa, na wanalinganisha mabaharia na orodha iliyoletwa. Ikipita, inafuata ujia uliokubaliwa, na hakuna chombo cha kijeshi, ndege wala droni inayoruhusiwa kuikaribia ndani ya maili 10 za baharini. Ikikaribia pwani inaongozwa na marubani wa Ukraine kati ya mabomu yaliyotegwa majini, kwa sababu kuyategua yote kungechukua muda mrefu kuliko njaa ilivyoweza kusubiri. Inapakia, inarudi, inakaguliwa tena Istanbul, ndipo inaachiwa. Meli moja ilikaguliwa mara mbili, na kila mara upande mmoja kati ya minne ukichelewa, wengine watatu hawana la kufanya.

Meli ya kwanza, Razoni, iling'oa nanga Odesa tarehe 1 Agosti ikiwa na zaidi ya tani 26,000 za mahindi kwenda Lebanon. Mnunuzi akayakataa: alikuwa ameyasubiri miezi mitano. Mapatano yaliweza kuifungua bahari, lakini mauzo yaliyokwisha kuharibika kati ya muuzaji na mnunuzi hayakuwa mikononi mwake. Brave Commander ilifuata katikati ya Agosti na tani 23,000 za ngano za Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ikapakua Djibouti kwa ajili ya Ethiopia. Mpaka mwisho, shirika hilo lilikuwa limesafirisha zaidi ya tani 725,000 kwenda nchi kama Ethiopia, Somalia, Kenya, Sudan, Yemen na Afghanistan. Jumla ya yote ilikaribia tani milioni 33 katika safari zaidi ya 1,000. Nchi tatu zilizopokea nyingi zaidi ni China, Hispania na Uturuki yenyewe, na karibu nusu ya shehena yote ilikuwa mahindi, mengi yakiwa chakula cha mifugo. Waliolalamika kwamba nafaka haikuwafikia maskini walikuwa na hoja, ila walisahau jinsi soko linavyofanya kazi. Mahindi yakifika Hispania, mfugaji wa Hispania haendi kushindana na sisi kwa mahindi ya mahali pengine.

Kilichoharibika kwanza ni kasi ya ukaguzi. Oktoba 2022 kaguzi zilifika takriban 10 kwa siku. Mwaka uliofuata zilishuka hadi nusu ya hapo, na baadaye chini zaidi. Ukraine ilidai Urusi inavuta miguu makusudi. Urusi ilikanusha na kusema inafuata taratibu. Mwanzoni mwa 2023 meli zaidi ya 100 zilikuwa zikisubiri katika maji ya Uturuki. Meli iliyotia nanga inakula fedha kila siku: kodi ya chombo, mishahara, mafuta ya mitambo, na bima ya vita ambayo huuzwa kwa muda na kupandishwa bei kila habari mbaya inapotoka. Gharama hizo hazibaki baharini. Zinakatwa kwenye bei anayolipwa mkulima wa Ukraine, na zinaongezwa kwenye bei ya mfuko wa unga anaonunua muuza chapati.

Cha pili ni muda. Mapatano yaliandikwa kwa siku 120, yakijirudia yenyewe kwa muda uleule isipokuwa upande mmoja utoe taarifa ya kuyavunja au kuyabadili. Novemba 2022 yalirudiwa kwa siku 120. Machi 2023 Urusi ikasema siku 60 tu, na Mei vilevile. Anayejua biashara ya nafaka anaelewa maana yake. Kutafuta meli, kukaa kwenye foleni ya Istanbul, kwenda, kupakia, kurudi kwenye foleni na kusafiri hadi kwa mnunuzi kunaweza kumaliza siku 60 zote, na hakuna benki inayopenda kudhamini shehena ambayo njia yake inaweza kufungwa ikiwa katikati.

Cha tatu ndicho nilichodokeza. Katika ile hati ya tatu Urusi ilitarajia benki yake ya kilimo, Rosselkhozbank, irudishwe katika mtandao wa malipo wa SWIFT, na bomba la amonia la kutoka Togliatti hadi Odesa lifunguliwe. SWIFT iko Ubelgiji na inafuata sheria za Umoja wa Ulaya. Umoja wa Mataifa haukuwa na ufunguo huo, wala Uturuki haikuwa nao. Bomba nalo lililipuliwa Juni 2023 katika mkoa wa Kharkiv. Kwa hiyo mpatanishi alikuwa ameweka mezani ahadi ambayo utekelezaji wake ulikuwa mikononi mwa watu wasiokuwapo mezani. Tarehe 17 Julai 2023 Urusi ikajitoa.

Wengi husimulia kisa cha Oktoba 2022 kama ushahidi wa uzito wa simu. Tarehe 29 mwezi huo, baada ya shambulio la droni Sevastopol, Urusi ilisimamisha ushiriki wake; tarehe 2 Novemba, baada ya Erdoğan na Putin kuzungumza, ikarudi. Kinachoachwa ni tarehe 31 Oktoba. Siku hiyo Uturuki, Ukraine na Umoja wa Mataifa waliruhusu meli 12 zitoke bandari za Ukraine bila Urusi kuwapo, na zikatoka. Urusi ililazimika kuchagua kati ya kuzishambulia meli za nafaka mbele ya dunia nzima na kurudi mezani. Julai 2023 hakuna aliyezitembeza meli kwa namna hiyo. Baadaye Ukraine ilijifungulia njia yake, meli zikinyemelea pwani za Romania na Bulgaria, na mpatanishi hakuhitajika tena katika safari hizo. Kilichobaki kwa Uturuki ni kazi ya chini chini lakini ya maana: Januari 2024 ilikubaliana na Romania na Bulgaria kusaka mabomu ya baharini kwa pamoja.

Katibu Mkuu wa Mambo ya Nje wa Kenya, Korir Sing'oei, alisema wakati huo kwamba kujitoa kwa Urusi ni kama kuchomwa kisu mgongoni. Hasira hiyo ilikuwa ya haki. Hata hivyo hasira haina gati wala mkaguzi.

Mpatanishi naye ana tumbo. Uturuki ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza unga wa ngano nje ya nchi, na sehemu kubwa ya ngano inayosaga inatoka Urusi na Ukraine. Bahari Nyeusi ikifungwa, viwanda vyake vinasimama. Wakati mapatano yanaendelea, mfumuko wake wa bei ulifikia asilimia 85 kwa mwaka, kwa takwimu za serikali, Oktoba 2022. Gesi yake nyingi inatoka Urusi, na kituo chake cha nyuklia cha Akkuyu, chenye vinu vinne, kinajengwa na Rosatom, shirika la nyuklia la serikali ya Urusi. Mtu asiyekuwa na cha kupoteza asingekesha mezani namna ile. Lakini pia asingelazimika kunyamaza mahali fulani fulani, na Ankara imenyamaza mara kadhaa.

Kuhusu NATO nitapita haraka. Uturuki iliishikilia Sweden isijiunge na umoja huo kwa takriban miezi 20, Bunge lake likaridhia tarehe 23 Januari 2024, na siku tatu baadaye Marekani ikapitisha mauzo ya ndege 40 za F-16. Inaonekana ni ushindi mtupu mpaka ukumbuke kwa nini ilikuwa ikiomba F-16. Ilinunua mitambo ya kutungulia ndege ya S-400 kutoka Urusi, ikaipokea Julai 2019, na mwezi huohuo ikatolewa katika mpango wa ndege za kivita za F-35 ambamo ilikusudia kununua ndege 100. Kucheza na pande mbili kuna ankara yake, na hulipwa kwa fedha taslimu.

Hapa ndipo ninapotofautiana zaidi na wanaoifananisha sera hiyo na kutofungamana kwetu. Tarehe 2 Machi 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura kuulaani uvamizi, nchi 141 zilikubali, 5 zilikataa na 35 hazikuelemea upande. Kenya, Rwanda na Kongo ya Kinshasa zilikubali. Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini zilijizuia. Uturuki ilipiga kura ya ndiyo. Haiitambui Crimea kuwa ya Urusi, iliiuzia Ukraine droni za Bayraktar, na wakati huohuo ilikataa kujiunga na vikwazo dhidi ya Urusi. Kwa maneno mengine, mpatanishi huyo ana msimamo ulioandikwa na unaojulikana, na hilo halikumfungia mlango wa Moscow. Wanaofikiri kwamba kunyamaza ndiyo sifa ya kwanza ya msuluhishi, wautazame mfano wenyewe wanaoutaja. Na wakumbuke 1965: Ujerumani Magharibi ilipoondoa msaada wa kijeshi kwa sababu ya uhusiano wetu na Ujerumani Mashariki, Nyerere aliwaambia waondoe na uliobaki, Desemba mwaka huohuo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia. Huko kulikuwa kutofungamana kwa sauti.

Huku kwetu, Uturuki imeanzia chini. Agosti 2011, wakati wa ukame, Erdoğan alitua Mogadishu. Machi 2012 ndege za Turkish Airlines zikaanza kwenda huko. Kampuni za Kituruki zikachukua uendeshaji wa uwanja wa ndege na bandari. 2017 ikafunguliwa kambi ya kufundishia wanajeshi. Ethiopia nako iliuza droni, na Yapı Merkezi, kampuni ileile iliyojenga SGR kutoka Dar es Salaam hadi Makutupora, ilijenga reli ya Awash kwenda Woldiya. Kwa hiyo Ethiopia ilipotia saini hati ya kupata njia ya baharini na Somaliland, eneo lililojitenga na Somalia, tarehe 1 Januari 2024 na Mogadishu ikawaka, kulikuwa na nchi moja yenye kitu cha kupoteza pande zote mbili.

Tamko la Ankara la tarehe 11 Desemba 2024, kati ya Ethiopia na Somalia, linastahili kusomwa kwa kalamu mkononi. Linasema Ethiopia ipate njia ya baharini ya uhakika na salama, chini ya mamlaka ya Somalia. Hati ya Somaliland haitajwi kabisa. Waandishi waliamua kila upande uende nyumbani na tafsiri yake. Mazungumzo ya kitaalamu yaanze kabla ya mwisho wa Februari 2025 na yamalizike ndani ya miezi minne. Yalianza tarehe 18 Februari. Miezi minne ikapita bila mkataba, kwa sababu inayofanana na ya Bahari Nyeusi: tamko halikusema nini kitatokea muda ukiisha. Isitoshe, Februari 2024 Uturuki ilikuwa imeingia mapatano ya ulinzi na Somalia ya miaka 10, yakiwemo ya bahari. Ni mpatanishi na ni mlinzi wa upande mmoja. Addis Ababa inalijua hilo vizuri.

Je, Tanzania haina Bosporus? Inayo, na iliwahi kuitumia. Pierre Buyoya alipotwaa madaraka Burundi tarehe 25 Julai 1996, wakuu wa nchi za ukanda walikutana Arusha siku sita baadaye na kuiwekea vikwazo. Vikwazo hivyo vilikuwa na meno kwa sababu moja: bidhaa nyingi za Burundi hupita bandari ya Dar es Salaam, reli ya kati, Kigoma, kisha ziwani hadi Bujumbura. Nyerere, aliyekuwa mpatanishi, hakwenda mezani na busara peke yake. Nyuma yake kulikuwa na gati na behewa. Kasoro zilikuwa nyingi. Magendo yalitoboa kila mahali, misamaha ya chakula na dawa ilibidi iongezwe kipande kwa kipande, wananchi wa kawaida waliumia kuliko wakubwa, na serikali ya Burundi ikamlalamikia Nyerere kwamba ana upande. Vikwazo vilisitishwa Januari 1999. Nyerere akafariki Oktoba mwaka huo, Mandela akaipokea kazi, na mkataba wa Arusha ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000.

Linganisha na Februari 2025. Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC walikutana Dar es Salaam tarehe 8 kuhusu mashariki ya Kongo, wakataka mapigano yasimame, wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku tano. Siku 38 baadaye Tshisekedi na Kagame walikaa chumba kimoja, na chumba hicho kilikuwa Doha. Qatar ina fedha, imewekeza katika uwanja mpya wa ndege wa Bugesera nchini Rwanda, na iko mbali na uwanja wa vita. Sisi tulikuwa na tamko zuri, lakini halikusema nani anakagua, analipwa na nani, na nini kinafuata upande mmoja ukikaidi.

Mahali pa kuanzia papo, tena hapahapa Dar es Salaam. Mkataba wa Ushoroba wa Kati, uliotiwa saini Septemba 2006 na Tanzania, Burundi, Kongo, Rwanda na Uganda, una wakala wake na ofisi. Ni mkataba wa uchukuzi: mizani, vituo vya ukaguzi, siku za shehena kukaa bandarini. Unaohitajika juu yake ni mfano wa Ibara ya 19. Majirani wawili wanaotumia bandari yetu wakipigana, shehena ipi inaendelea na ipi inasimama? Nani anatamka kwamba hali ni ya vita, na kwa saa ngapi za taarifa? Wakaguzi wangapi, kutoka wapi, na wakichelewesha nani anailipa meli inayosubiri nje ya bandari? Chakula na dawa vipite bila kuomba msamaha wa kila mara, tofauti na 1996. Na muda uandikwe ujirudie wenyewe, anayetaka kuuvunja atoe taarifa ya miezi. Montreux unadai taarifa ya miaka miwili, na tangu 1936 hakuna aliyeitoa.

Nyongeza ndogo kwa dawati lenu la habari za kimataifa: Bosporus na Dardanelles ni milango miwili tofauti, na kati yake kuna Bahari ya Marmara. Meli za nafaka zilikaguliwa upande wa Istanbul, penye Bosporus. Ramani zinazoweka alama ya ukaguzi Dardanelles zinawapeleka wasomaji zaidi ya kilomita 200 kusini magharibi.

Msomaji wenu,
Kurasini, Dar es Salaam